Ami Kasema Simo

Likizo iliyopita nilirudi Wesha na laptopu, maikrofoni ya kuazima na kiburi cha mwaka wa pili. Nilitaka kumrekodi ami yangu, ambaye anapiga ngoma ya msewe tangu mie sijazaliwa, kisha niitilie besi, niwasikilizishe washkaji wa hosteli. Tukakaa barazani baada ya Alasiri. Nikamtia kisikilizio sikio moja apate hesabu ya mapigo 120 kwa dakika, akapiga.

Usiku nikafungua FL Studio. Nikaikata sauti, kila pigo likawa kipande chake, nikatazama. Mistari ya gridi imesimama wima kama miti ya ua, na mapigo ya ami yako kila mahali isipokuwa juu ya mistari. Nikasema mzee kachoka. Nikachagua yote, nikabonyeza kitufe kimoja, yakajipanga kama watoto wa madrasa maalim anapoingia. Nikahifadhi. Rekodi ya asili nikaifuta, maana laptopu imejaa.

Asubuhi nikamfuata bandarini. Akasikiliza mpaka mwisho.

"Ngoma ni yangu," akasema, "ila mie simo."

Nisiseme uongo, nilinuna. Kisha nikapiga hesabu. Kwa kasi ya 120, kila pigo la hesabu lina milisekunde 500. Gridi yangu ilizigawa kwa nne: 125, 250, 375. Ami anagawa kwa tatu, yaani kama 167 na 333. Basi kompyuta ilikamata la kwanza ikaliwahisha milisekunde 42, na la pili ikalichelewesha 42. Ukizitamka ni kitu kidogo. Lakini mchezaji aliyefunga msewe miguuni anakanyaga hapo hapo.

Ikabidi nirudi na haya zangu. "Shikamoo ami, naomba upige tena." Akacheka, akapiga.

Safari hii niliweka gridi ya tatu. Bado! Ikawa sawa kwa hesabu, na imepoa kama chai ya jana. Nikavuta picha karibu nikaona: pigo lake la mwisho linachelewa kidogo kupita mstari, na linachelewa vile vile kila mzunguko. Anayekosea hakosei kwa uaminifu namna hiyo. (Roger Linn, Mmarekani aliyetengeneza mashine ya ngoma ya LM-1 mwaka 1980, aliipa uwezo wa kunyoosha mapigo, na humo humo akaipa uwezo wa kuyapinda. Sisi tunaojifunzia chumbani tunakijua kitufe cha kwanza tu.)

Nikarudisha kila kitu kilivyokuwa, nikamwita ami akae ubavuni kwangu. Nikamwambia anisimamishe kila anapojisikia amekosa. Kwa dakika nne nzima alinisimamisha mara tatu. Mara mbili nilikuwa nimeshapaona, hata kwa jicho. Ya tatu nikairudia, nikairudia tena, sikusikia kitu. Nikakuza picha.

"Hapa ami? Mbona hili limekaa juu ya mstari kabisa?"

"Ndiyo hilo," akasema. "Limewahi."

Nikalivuta mbele kidogo kidogo kwa kidole, huku namtazama yeye, si skrini. Alipoanza kutikisa kichwa nikaliachia.