Saa ya Bustani Yetu Manika



Wiki hii tunawatembeza mahali ambapo wengi wenu mnapajua: lupango wa kikundi chetu hapa Manika, Kolwezi. Ukiingia kwa mlango wa bati, mkono wa kuume unaona matuta ya lengalenga na matembele. Mkono wa kushoto uko mwembe tunaokaa chini yake siku ya likelemba na siku ya masomo ya kusoma na kuandika. Nyumba nne zinazunguka uwanja huo. Na ukutani, chini ya paa, imetundikwa saa kubwa ya duara inayotumia betri moja ndogo, yale tunayoita majiwe ya redio.

Tuliinunua kwa mchango wetu, kwa sababu umeme ukikatika simu nazo huzima. Mwanzoni tuliitundika juu ya nguzo katikati ya mboga, ili kila nyumba iione. Ilipendeza. Lakini mji wetu uko juu, karibu mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Kiangazi kinaleta vumbi jekundu la malori yanayobeba madini kuelekea Likasi na Lubumbashi. Kisha mvua inaanza Oktoba au Novemba, na haituachi mpaka Aprili. Nguzo ile ilipata yote hayo, na jua la mchana juu yake.

Usiku mmoja wa Februari, mama wa nyumba ya pili alikuwa na mtoto mwenye malaria. Kituo cha afya kilimpa dawa ya siku 3, vipimo 6. Cha kwanza mtoto alikunywa 14h00, na cha pili kilitakiwa 22h00, baada ya muda wa saa 8. Umeme haukuwepo, simu ilikuwa imezima. Mama alitoka na tochi, akaiona saa inasema 20h40. Akarudi kukaa na mtoto. Alipotoka tena, ilisema 20h40. Jogoo alikuwa anawika. Alikimbia kituoni alfajiri, muuguzi akamwambia ampe dawa pale pale na kuendelea mpaka vipimo vyote viishe. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini asubuhi ile tulikaa chini ya mwembe bila kuongea sana. Saa ilikuwa yetu sote, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anaiangalia.

Tulipoifungua nyuma, tulikuta maji, vumbi, na unga mweupe umeganda kwenye vyuma vinavyoshika betri. Tangu siku ile tunafanya hivi.

Kwanza, tuliihamisha. Sasa iko chini ya paa, mahali ambapo mvua ya upepo haifiki wala jua la alasiri. Joto linakausha betri na kuifanya ivuje. Baridi inaipunguzia nguvu. Kitundu kidogo kilicho chini ya saa hatukukiziba, kwa sababu maji yakiingia lazima yapate pa kutokea.

Pili, unga mweupe wa betri ya alkali tunausafisha kwa pamba iliyoloweshwa tone la siki au maji ya ndimu, kisha tunakausha vizuri kabla ya kuweka betri mpya. Tunavaa mfuko wa plastiki mkononi, na watoto wanakaa mbali, kwa sababu unga huo unachoma ngozi na macho.

Tatu, tunanunua betri nzuri ya alkali ya volti 1.5. Ile ya bei ndogo sana huvuja mapema. Ile ya kuchajiwa ina volti 1.2 tu, na saa nyingine huchelewa nayo au husimama. Tunaibadilisha kila mwanzo wa Septemba, masomo yanapofunguliwa na kabla ya mvua, hata kama saa bado inatembea. Tarehe tunaiandika kwenye kipande cha plasta nyuma ya saa.

Nne, kila Jumamosi mama mmoja wa zamu anaifuta vumbi na kuilinganisha na redio. Hapo tujihadhari! Mara moja mwenzetu aliifuata saa ya Kinshasa, ambayo iko nyuma ya yetu kwa saa nzima. Kule ikiwa 12h00, huku ni 13h00. Siku hiyo likelemba ilianza mama mtunza pesa akiwa peke yake chini ya mwembe, amekasirika, na alikuwa na haki.

Watoto wetu waliuliza: je, ndani ya betri hii kuna kobalti ya Kolwezi? Hapana. Kobalti yetu huenda kwenye betri za simu na za magari ya umeme. Betri ya saa ina zinki na manganizi. Lakini hayo nayo si mageni kwetu. Kipushi ina zinki, na Kolwezi ilikuwa na kiwanda cha kuisafisha, ndiyo maana tunasema UZK mpaka leo. Manganizi ilichimbwa Kisenge, upande wa Dilolo, ikasafirishwa kwa treni hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipokata njia hiyo mwaka 1975. Basi tuliwaambia watoto: ardhi yetu inajua kutengeneza betri, lakini kuitunza ile iliyo ukutani ni kazi yetu.

Betri zilizokufa hatuzitupi kwenye mboga wala kwenye moto. Tunaziweka ndani ya kopo lenye kifuniko, juu, mbali na watoto.

Kama kikundi chenu kina saa uwanjani, leo jioni itazameni, ngojeni dakika tano, kisha itazameni tena. Na mama wa zamu awe na jina, lisomwe mbele ya wote. Kwetu, Jumamosi hii zamu ni ya mama wa nyumba ya pili. Ameiomba mwenyewe.