Ukihamia Kapsoit, jifunze salamu kwanza

MTU akipata nafasi ya kwenda kuishi Ulaya kwa muda, tuseme katika mji mdogo wa Denmark, hujitayarisha kama anayekwenda vitani. Hununua koti zito. Huwauliza waliomtangulia jinsi watu wa huko wanavyosalimiana, chakula chao, na mambo yanayowaudhi. Lakini mtu huyo huyo akihamishwa kikazi kutoka Nairobi au Mombasa hadi kituo kidogo cha nchi yake mwenyewe, hufunga godoro na jiko lake, akapanda gari, akaenda. Hadhani kuna la kujifunza. Kwani sote si Wakenya?

Naam, sote ni Wakenya. Hata hivyo, msomaji, nenda ukakae Kapsoit kwa miezi mitatu, kama nilivyokaa mimi, ndipo utakapofahamu kwamba mtu anaweza kuwa mgeni bila kuvuka mpaka wowote.

Kapsoit ni kituo cha biashara katika eneo bunge la Ainamoi, Kaunti ya Kericho, kando ya barabara kuu itokayo Kericho kwenda Kisumu. Ukishuka kwenye matatu utapokewa na vijana wa bodaboda, akina mama wenye ndizi na parachichi, na maduka yaliyopangana kando ya lami. Lakini tembea kidogo tu nyuma ya maduka hayo, nawe utakutana na majani ya chai, kijani kibichi kilichopunguzwa na kusawazishwa kama zulia.

Mvua ya alasiri

Jambo la kwanza litakalokufunza adabu ni hali ya hewa. Asubuhi jua huwaka vizuri, nawe utafua nguo zako na kuzianika kwa furaha. Usidanganyike! Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda huku milimani, ikapoa, na ifikapo alasiri mawingu hufungua milango. Mara nyingine huja mvua ya mawe, ambayo wakulima huiogopa kuliko kiangazi kifupi, kwa kuwa huchana majani machanga yaliyokuwa tayari kuchumwa.

Juma langu la kwanza nilianika shuka na nguo zote nilizokuwa nazo, nikaenda mjini Kericho kwa shughuli zangu. Mvua ilinikuta huko. Nilirudi jioni nikijua kwamba nitalala juu ya godoro tupu. Kumbe mama wa chumba cha pili, ambaye hata jina lake sikulijua, alikuwa amezianua zote, akazikunja na kuziweka juu ya kiti chake. Nilipomshukuru, aliniuliza kwa upole kwa nini nimepita mlangoni pake siku tano bila kumsalimu.

Nilitafuta jibu nikalikosa. Nairobi mtu hupita milango ishirini kila asubuhi bila kumsalimu yeyote, na hakuna anayeona kasoro. Kapsoit kimya kama hicho ni tusi.

Chamgei!

Basi yule mama akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba ukikutana na mtu husema "Chamgei", naye hujibu "Chamgei mising". Ukipewa kitu husema "Kongoi", yaani asante. Ukiagana husema "Saisere". Ni maneno machache ya Kikipsigis, na mtoto wa shule ya chekechea angeyashika kwa siku moja. Lakini yalifungua milango ambayo Kiswahili changu sanifu, pamoja na diploma yangu ya uandishi, hayakuweza kuifungua.

Chukua mfano wa duka. Kabla ya hapo nilikuwa nikifika na kutaja mara moja ninachotaka: sukari nusu kilo, sabuni, mkate. Mwenye duka alinihudumia wa mwisho, hata kama nilifika wa kwanza. Nilidhani ananibagua kwa sababu si mtu wa kwao. Siku niliyoanza kwa "Chamgei", nikauliza habari za nyumbani na za mvua, alicheka, akanipimia sukari yangu, akaniuliza natoka wapi. Tangu siku hiyo sikuchelewa tena. Sasa jiulize, msomaji, ni mara ngapi tumesema tunachukiwa mahali, kumbe sisi ndio tuliofika bila kubisha hodi?

Kadhalika utajifunza majina. Kwa Wakipsigis, jina la mtoto hueleza wakati au hali aliyozaliwa. Kiprotich alizaliwa ng'ombe wakirudi nyumbani. Kipkoech alizaliwa alfajiri. Chepkemoi ni binti wa usiku. Kiprop na Cherop walikuja na mvua. Ukiyajua hayo, orodha ya majina hukueleza maisha ya watu ambao saa yao ilikuwa mifugo na anga.

Chai na mursik

Utafikiri kwamba mahali penye chai nyingi hivi watu hunywa chai ya kila namna. La. Utakaribishwa chai iliyochemshwa pamoja na maziwa na sukari, moto wa kuunguza ulimi, kama ile ya kwenu. Sehemu kubwa ya chai inayochumwa huku hupelekwa kwenye mnada wa Mombasa, kisha ikasafiri hadi Pakistan, Misri, Uingereza na kwingineko.

Amka mapema siku moja uwaone wachumaji wakiwa na vikapu mgongoni. Huchuma majani mawili na kichipukizi chake, na baada ya siku kadhaa hurudia kichaka kile kile. Majani hayo hayangoji. Lazima yapimwe kwenye kituo cha kununulia na yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Inahitajika kama kilo nne na nusu za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Mkulima mdogo anayeuza kupitia KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka 1964, hulipwa kiasi fulani kila mwezi, kisha hungojea bonasi mara moja kwa mwaka. Kabla ya bonasi, daftari la madeni la mwenye duka hujaa. Bonasi ikitoka, karo hulipwa, mabati hununuliwa, na daftari likafutwa. Ukitaka kujua kama mwaka ni mzuri au mbaya, huna haja ya kusoma gazeti. Tazama uso wa mwenye duka.

Ukialikwa nyumbani kwa mtu, yaelekea utapewa mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti maalumu. Rangi yake ina kijivu kidogo, na ladha yake ina ukali. Mimi mara ya kwanza nilikataa, nikasema nimeshiba. Uso wa mwenyeji wangu ulibadilika. Mara ya pili nilionja vijiko viwili, mara ya tatu nikamaliza kikombe. Hakuna aliyenilazimisha kukipenda, walitaka tu nisikidharau.

Mgeni wa miaka ishirini

Sasa nifike kwenye jambo zito. Neno letu "mgeni" lina nyuso mbili. Mgeni ni yule anayechinjiwa kuku, na mgeni ni yule asiye wa hapa. Katika nchi ya chai nyuso hizi mbili hukaa karibu sana.

Mashamba makubwa ya chai ya Kericho yalianzishwa na makampuni ya Waingereza katika miaka ya 1920, kwenye ardhi ambayo wenyeji walikuwa wameondolewa wakati wa ukoloni. Kazi ya kuchuma ilivutia watu kutoka Kisii, Nyanza, Magharibi na kwingineko. Kwa hivyo Mkipsigis anapolitazama shamba, huona ardhi ya babu yake. Mchumaji kutoka mbali huona jasho lake la miaka mingi. Wote wawili wana haki ya kukumbuka.

Siasa ilipoingia katika kumbukumbu hizo, damu ilimwagika. Mapigano ya kikabila ya mwaka 1992 yalikumba sehemu nyingi za Bonde la Ufa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa mashamba ya chai waliotoka jamii nyingine walishambuliwa na kufurushwa. Januari 31, 2008, mbunge wa Ainamoi, David Kimutai Too, aliuawa kwa risasi mjini Eldoret, na hasira ikazidi huku kwao.

Nilikutana na mama mmoja mchumaji, mzaliwa wa Kisii, aliyeishi katika nchi hii ya chai kwa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2008 alikimbia na watoto, akarudi mambo yalipotulia. Nilimwuliza kwa nini alirudi. Alinieleza kwamba usiku ule vijana waliokuja kumfukuza wengine aliwajua kwa majina, na aliyemficha yeye na wanawe jikoni mwake hadi alfajiri pia alimjua kwa jina. Alirudi kwa ajili ya huyo wa pili. Bado wengine humwita mgeni. Lakini kazi ya kuchuma nayo imepungua, kwa sababu mashine zimeshika nafasi ya mikono. Mwaka 2023 waandamanaji wenye hasira walizichoma baadhi ya mashine hizo. Mama huyo aliniambia kwamba mashine haiulizi kabila, huwaondoa wote, mwenyeji na mgeni.

Hebu pia ufike mjini Kericho ulitazame hekalu kubwa la Wasingasinga. Limejengwa kumkumbuka Baba Puran Singh, aliyetoka Punjab, akaishi na kufanya kazi Kericho kwa miaka mingi kabla ya kuhamia Birmingham, Uingereza, katika miaka ya 1970. Wafuasi wake humwita kwa jina la mji huu, na huja kutoka ng'ambo kuhiji mahali alipoishi. Yeyote aingiaye humo hupewa chakula bure, bila kuulizwa dini wala kabila. Mgeni wa jana leo ndiye anayewakaribisha wageni.

Mpe jembe

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi tumezoea kuifahamu methali hii kama ya kumfukuza mgeni mvivu. Kapsoit nilianza kuifahamu vingine. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa mmoja wa watu wa nyumbani. Yule mama jirani aliponituma nimchukulie maji bombani, na siku nyingine nimshikie mtoto akienda sokoni, nilijua siku yangu ya tatu imefika.

Kwa hivyo, msomaji, kama wewe ni mwanafunzi umeitwa chuo cha mbali, au baba amehamishwa kikazi na familia inafungasha, msichukue godoro na jiko pekee. Ulizeni salamu ya huko kabla ya kuuliza kodi ya nyumba. Onjeni kinachotolewa. Na ninyi wenyeji, mgeni akipita mlangoni kimya, anueni nguo zake kwanza, kisha mwulizeni kwa nini hasalimu.

Siku niliyoondoka mvua ilikuwa ikinyesha, kama siku niliyofika. Yule mama alinisindikiza hadi kituo cha matatu chini ya mwavuli mmoja, akaniambia nikirudi nisijitambulishe kwa jina la Nairobi. Kwake mimi ni Cherop.