Karatasi za Nyumbani Zisiozee Sandukuni

Kabla hujageuza ukurasa huu, jiulize swali moja dogo: kadi ya kliniki ya mtoto wako iko wapi hivi sasa? Na ripoti yake ya shule ya muhula uliopita? Na ile barua ya mjomba iliyoeleza mipaka ya shamba? Katika nyumba nyingi jibu ni kwamba zimo sandukuni, chini ya nguo za sikukuu. Kwa mkazi wa Dodoma jibu hilo halina ubaya mkubwa. Kwetu sisi wa Kyela ni jibu la hatari.

Kyela ni nchi ya maji. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hushuka kutoka milimani na kumwagika katika Ziwa Nyasa, na mvua inayotunyeshea hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Unyevu huo ndio unaotupatia mpunga na kakao, kwa hiyo hatuna sababu ya kuulalamikia. Lakini karatasi haipatani nao. Ifungie sandukuni mwezi Machi, uifungue mwezi Juni: utakuta madoa ya kuvu, wino umetawanyika na kurasa zimegandamana. Mchwa nao wakilijua sanduku hilo, hutakuta hata hayo.

Bibi yangu mzaa baba aliishi Ipinda. Mumewe alikuwa miongoni mwa wanaume wengi wa Unyakyusa waliokwenda kuchimba dhahabu Afrika Kusini katika miaka ya 1950. Babu aliandika barua. Bibi, ambaye hakujua kusoma, alisomewa na katekista, kisha akazifunga kwa kitambaa na kuzihifadhi katika sanduku la bati. Tulipolifungua baada ya maziko yake tulikuta bunda moja gumu lenye rangi ya chai. Barua moja tu ndiyo iliyosomeka, nayo haikuwamo sandukuni. Aliichomeka katika ufa wa mwanzi, ukutani juu ya kitanda chake, mahali palipopita hewa. Ndani yake babu anauliza kama mtoto ameanza kutembea. Mtoto huyo ndiye baba yangu. Zile nyingine ziliuliza nini, hatutajua kamwe.

Ufa ule wa mwanzi ndio ulionifundisha kutengeneza koja la vibanio, yaani kamba ya mapambo inayotundikwa ukutani ili kubana kadi na karatasi za nyumba. Wengi hutumia vibanio vya nguo vya dukani. Kibanio chenye springi, ambacho David M. Smith wa Vermont, Marekani, alipewa hataza yake mwaka 1853, ni kifaa chenye akili nyingi, ila kilikusudiwa kushika shati hadi likauke, basi. Penye unyevu kama wa kwetu springi hushika kutu, na kutu huacha doa la kahawia juu ya cheti kisicho na kosa. Mwanzi hauna kutu, tena tunao tele.

Chukua tawi la mwanzi mkavu lenye unene wa kidole cha shahada. Kata kipande cha sentimita 8 hivi, fundo libaki upande wa juu. Chini kidogo ya fundo zungusha uzi imara mara tano, ukaze, uache ncha ndefu za kufungia. Kisha upasue kwa kisu kikali kuanzia chini. Ufa ukifika penye uzi utasimama wenyewe. Sugua kingo za ndani kwa msasa zisikwaruze karatasi. Ukivianika vibanio hivyo juu ya moshi wa jikoni kwa juma moja, wadudu wanaotoboa mianzi hawatavipenda.

Kamba iwe ya nailoni ile wanayosukia nyavu wavuvi. Kamba ya mgomba inapendeza zaidi, nakiri, lakini hunywa maji na kuota kuvu. Funga vibanio vikitazama chini, na kati ya kimoja na kingine ushone pembetatu za kitenge kutokana na mabaki ya fundi cherehani. Tundika koja lako kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na mvua, juu ya misumari iliyotokeza upana wa vidole viwili ili hewa ipite nyuma ya karatasi. Usiliweke mbele ya dirisha lenye jua, kwa kuwa wino hufifia.

Cheti cha kuzaliwa na hati ya ardhi usivitundike. Tundika nakala kivuli. Hati yenyewe ikae ndani ya mfuko wa plastiki, katika kopo lenye kifuniko cha kubana, nawe uitoe kuipunga hewa mara kwa mara. Utaniambia kwamba siku hizi picha hupigwa kwa simu. Piga. Lakini simu nayo huibwa, tena huanguka majini.

Yako mambo ambayo mwanzi hauwezi kukuamulia. Nimeingia katika sebule nyingi za mjini na kuona kadi za harusi za wakubwa zimepangwa mbele ili mgeni azisome, na picha aliyochora mtoto haionekani popote. Kadi za michango ya harusi mimi hubana karibu na mlango: ukilipa, unaiondoa. Wazazi wengine hutundika ripoti mbaya ya mtoto ili aone haya mbele ya wageni. Sikubaliani nao. Ripoti hiyo izungumzwe faraghani, na kambani ibanwe kazi moja aliyoifanya vizuri, hata kama ni ya kuchora mtumbwi.

Kibanio kimoja kifungwe kwa uzi mrefu, kishuke kifikie kimo cha mtoto, nacho kiwe chake mwenyewe. Usimchagulie cha kubana. Nyumbani kwetu kwa sasa kimeshika tiketi ya basi la kutoka Kyela kwenda Mbeya, imekunjwa mara nne, na mwenyewe hataki iguswe.