Hiyo Mashine Yako Inaona Nini?

Ploti yetu huku Kahawa ina vyumba vinane na laini moja ya intaneti, megabiti kumi. Kila chumba hutoa shilingi 400 kwa mwezi. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kwa kuwa kila mtu anaamini aliyeacha chuo ana muda, nikapewa kazi ya kuangalia wifi. Silipwi, ila mchango nimesamehewa.

Shida yetu ilikuwa jioni. Jamaa wa juu akianza kupandisha video, simu yangu na mteja inakatika katikati ya sentensi, na mimi ninakula kwa hizo simu. Watu walisema tununue kasi zaidi. Lakini ruta nyingi za bei rahisi hupokea kila pakiti na kuzipanga kwenye foleni moja ndefu, kama kliniki isiyo na namba: aliyekuja kuchukua panado anasubiri nyuma ya aliyeleta gunia la faili. Ukiongeza daktari bila kupanga foleni, magunia nayo yanaongezeka. Dawa ipo ndani ya Linux tangu 2012, inaitwa fq_codel, na mwaka wa 2018 ikaongezwa nyingine iitwayo CAKE. Zinampa kila mtu foleni yake na kuhudumia zote kwa zamu.

Sanduku la kampuni iliyotuletea waya halikuwa na dawa hiyo, na nywila yake hatukupewa. Kwa hiyo nilishuka Luthuli Avenue nikanunua TP-Link Archer C7 iliyotumika, antena tatu, hifadhi ya megabaiti 16 na kumbukumbu ya 128. Simu ya mtoto ina zaidi ya hapo mara nyingi. Nikaifuta famwea ya kiwandani, nikaweka OpenWrt, nikaifunga nyuma ya sanduku la kampuni na kuiambia laini yetu ni megabiti tisa, ili foleni ijipange kwangu na si kwao. Jioni hiyo jamaa wa juu alipandisha video yake, nami nikamaliza sentensi yangu.

OpenWrt ina asili ninayoipenda. Mwisho wa 2002 Linksys ilitoa ruta ya bluu na nyeusi, WRT54G. Mwaka uliofuata waliochungulia ndani waligundua inaendeshwa na Linux. Linux ni huria kwa leseni ya GPL, na leseni hiyo ina sharti: ukiuza kifaa chenye programu hii, mnunuzi ana haki ya kupata msimbo chanzo. Kampuni ilibanwa, na Julai 2003 ikautoa. Kutoka kwa msimbo huo OpenWrt ikaanza 2004. Ni mtu aliyesoma karatasi ambayo sisi wengine tunaibonyeza "nakubali", kisha akadai chake. (Matoleo ya zamani, ukiingia kwa terminali, yalikukaribisha na jinsi ya kuchanganya pombe. White Russian, Kamikaze, na kadhalika. Siku hizi wameacha.)

Mambo yalibadilika ploti iliposikia kwamba ruta ni "yetu" na mimi ndiye mwenye funguo. Baba mmoja alinipata ngazini.

"Boss, nisaidie kitu. Nataka tu kujua mama watoto huwa anaingia wapi usiku."

Ningeweza kumwambia haiwezekani, na yangeisha. Lakini inawezekana, angalau nusu. Yaliyoandikwa kwenye WhatsApp ruta haiyasomi. Ila kabla simu haijafungua tovuti yoyote, kwa kawaida huuliza ruta kwanza: jina hili linakaa wapi? OpenWrt haiandiki maswali hayo yenyewe. Ukitaka iandike, ni mstari mmoja kwenye faili, kutoka 0 kwenda 1. Nikamwambia hivyo.

"Inawezekana, baba. Lakini sitafanya."

Mwezi huo hakutoa 400 zake. Nilizijaza mimi, kwa pesa ya makala moja.

Nilichojifunza kuhusu programu huria hakikuwa kwenye maelezo yake. Leseni inamlinda aliyenunua kifaa. Mama wa chumba cha nne, anayeuza viatu vya mitumba kwa simu, hakununua kifaa chochote. Yeye anapita tu ndani yake kila siku. Kwake, mimi na ile kampuni tulikuwa kitu kimoja: mtu mwingine mwenye nywila.

Sijui alisikia kwa nani. Alinisimamisha kwenye kamba za nguo.

"Ndugu yangu, hiyo mashine yako inaona nini?"

Nilileta laptopu nikamwonyesha ule mstari, na ile sifuri. Akaangalia kwa muda.

"Na wewe ukihama?"

Nikamweleza ukweli kwamba atakayepewa nywila anaweza kuandika moja.

"Basi andika humo ndani kwamba tulikubaliana."

Ndiyo sababu nilianza kupika famwea yetu wenyewe. Ukitumia iliyopikwa tayari, mipangilio yako inakaa kwenye tabaka la juu. Mtu akishikilia kitufe cha riseti, tabaka hilo linafutika na ruta inarudi jinsi ilivyopikwa, hata wifi imezimwa. Ukipika mwenyewe, unaweka mambo yako kwenye folda iitwayo files, nayo yanaingia tabaka la chini, la kusomwa tu. Nikaweka jina la wifi, foleni ya megabiti tisa na ile sifuri, na kifurushi kinachofunga maswali ya majina kwa usimbaji ili kampuni nayo isiyasome njiani. Halafu faili ya banner, ile ya makaribisho, maneno aliyonisomea mama mwenyewe:

Vyumba vinane vinatumia mashine hii. Hatuandiki nani anaenda wapi. Ukitaka kubadilisha, ita watu kwanza.

Mimi nilikuwa nimeandika "wapangaji". Alisema hapana, watu.

Upikaji ulichukua usiku. Saa tisa stima ikapotea, betri ya laptopu ikafa. Zuri la make ni kwamba ukiirudia, haianzi upya kwa yale iliyokwisha kumaliza. Asubuhi faili ilikuwa tayari, nikaipakia, taa zikaanza kupepesa, na kutoka chumba cha sita mtu akapiga kelele: "Nani amechezea net?"