Mpini wa ditekta ya mjomba

Najua nimepotea, UE zilinikamata vibaya na nisingependa kuzizungumzia hapa. Leo nataka kujibu swali ambalo jamaa wa hosteli wameniuliza kama mara kumi: lile bomba jeusi lililokuwa limesimama pembeni ya kitanda changu ni la nini? Wengine walisema ni fimbo ya kuvulia samaki, wengine wakasema bunduki, teh teh. Ni mpini wa ditekta ya dhahabu.

Mjomba wangu yuko Chunya. Kazi yake ni kutembea porini na mashine ya kutambua madini, anaipeperusha kushoto kulia juu ya udongo kuanzia asubuhi hadi jua likizama. Mashine si yake, ni ya tajiri. Kikipatikana kitu wanagawana, kisipopatikana mjomba anakula alichonacho. Mwaka huu bega la kulia likaanza kumsumbua, hadi akawa anavaa shati kwa kusaidiwa. Zahanati wakamwambia apumzike wiki mbili. Apumzike vipi? Akikaa siku tatu tu tajiri anampa mashine mtu mwingine, na huyo mwingine hairudishi.

Basi bwana, alipokuja Dar kwenye msiba alikuja nayo, maana haiachi kwa mtu. Nikaomba niishike. Nikashangaa, kwa sababu kwa kilo si nzito hivyo. Lakini baada ya dakika tano mkono unaanza kuuma, hasa kifundo na bega. Hapo ndipo somo la mwaka wa kwanza, lile tulilokuwa tunasinzia nalo saa nane mchana, likanirudia.

Ngoja nieleze kwa lugha nyepesi kwa wale wa sheria na uhasibu. Ditekta ni fimbo. Mbele kabisa chini kuna koili, ile sahani inayosikia madini. Katikati kuna mshikio, nyuma kuna kikombe cha kuegemeza kiwiko. Mshikio ndio egemeo, kama mti wa kati wa bembea ya ubao. Kinachokuchosha si uzito peke yake, ni uzito mara umbali wake kutoka mkononi. Nikachukua mizani ya jikoni ya dada na futi ya fundi nguo, nikapima kila kipande. Koili na kifuniko chake ni gramu 600, na iko sentimita 80 mbele ya mkono. Zidisha kilo kwa sentimita: 48. Ongeza mpini wa mbele, inafika 55. Betri, gramu 400, ilifungwa sentimita 15 tu nyuma ya mkono, kwa hiyo inarudisha 6. Zinabaki 49. Yaani mjomba alikuwa kama ameshika fimbo ya nusu mita yenye kilo moja ya sukari inayoning'inia nchani, na aipeperushe kutwa nzima.

Wenzetu wa nje wanaotafuta sarafu za kale na pete ufukweni kwa kujifurahisha wamelijua tatizo hili siku nyingi. Minelab ya Australia ilipotoa Equinox 800 mwaka 2018, mashine nzima ilikuwa kilo 1.34, nyepesi kabisa, na bado watu walilalamika kwamba inalalia mbele. Wakaanza kujitengenezea mipini ya kaboni faiba yenye mkia mrefu na uzito wa kusawazisha nyuma, na wengine wakageuza kuwa biashara. Equinox 900, iliyotangazwa 2022, ikaja na mpini wa kaboni toka kiwandani, kilo 1.27. Angalia hesabu: tofauti ni gramu 70. Hakuna bega linalopona kwa gramu 70.

Na hapa ndipo watu wengi wanadanganyika na kaboni. Nilipiga hesabu kabla ya kutoa hela. Bomba la kipenyo cha milimita 22, unene wa ukuta milimita 1.5, likiwa la alumini lina gramu 260 hivi kwa mita moja. La kaboni gramu 155. Nikibadilisha ile nusu mita ya mbele ya mjomba, napunguza kama 1.4 kwenye zile 49. Hiyo ni kama kutoa kijiko kwenye gunia. Sasa kaboni ya nini? Ni kwamba unaweza kurefusha mkia nyuma ya kiwiko bila kuongeza mzigo wa maana, na bomba halipindi wala kucheza. Ukishapata mkia, unahamisha betri. Betri ileile, gramu 400 zilezile, ukiitoa sentimita 15 na kuipeleka sentimita 45 nyuma, badala ya 6 inarudisha 18. Hujaongeza hata gramu moja!

Bomba niliagiza kupitia jamaa wa Kariakoo anayeleta mizigo toka China, likakaa njiani wiki tano. Mita moja, nikatumia sentimita 95. Kukata kulifanyika karakana, na fundi wa pale, mzee mmoja mkali sana, alikataa nisiguse msumeno kabla sijavaa barakoa. Yuko sahihi. Vumbi la kaboni linawasha ngozi, likiingia kifuani si zuri, na linapitisha umeme, kwa hiyo likiingia kwenye saketi unaweza kuunguza kitu. Tulizungusha tepu mahali pa kukata, tukatumia bledi ya meno madogo, maji yakidondoka taratibu.

Kwa sababu kaboni inapitisha umeme, ile sehemu ya chini kabisa inayoshika koili niliiacha ya kwake ya zamani, ya faibaglasi, na boliti yake ya plastiki. Mashine ya dhahabu inasikia vitu vidogo mno, sitaki kuipa sababu ya kupiga kelele. Mshikio na kikombe nilivifunga kwa vibano, bila tundu hata moja, kwanza kwa sababu tundu kwenye kaboni huanzisha ufa, na pili kwa sababu ya tajiri. Kila kitu lazima kiweze kurudi kilivyokuwa kwa nusu saa, na mpini wa zamani mjomba anao nyumbani umefungwa kwenye kanga. Mahali vibano vya alumini vinapogusa kaboni nilipaka epoksi juu ya kitambaa chembamba cha faibaglasi, maana alumini na kaboni vikikutana na jasho lenye chumvi, alumini inaliwa.

Uzito wa nyuma nilinunua Feri, chubwi za wavuvi, risasi tupu, gramu 200. Risasi ni nzito kiasi kwamba zote zilikaa sentimita chache tu mwishoni mwa bomba, nikazifunga kwa epoksi na kizibo. Nilizigonga kwa nyundo zikae vizuri, sikuziyeyusha. Tafadhali msiyeyushe risasi hosteli, moshi wake ni sumu, na mkizishika mnawe mikono kabla ya ugali.

Gramu 200 kwa sentimita 45 zinarudisha 9 nyingine. Jumla, 49 imeshuka hadi kama 26. Kwa nini nisimalize kabisa iwe sifuri? Ningehitaji kuongeza zaidi ya nusu kilo, na uzito huo wote mkono unauanzisha na kuusimamisha kila unapopeperusha. Halafu koili isiyolalia mbele hata kidogo inaelea, haifuati udongo, na dhahabu ndogo unaipita hivihivi. Mkia nao ukizidi, unakwama kwenye miiba na kugonga chini mjomba akiinama kuchimba.

Kikombe cha kiwiko nilikisogeza mbele sentimita 4. Kiwandani walimfikiria mtu mrefu, mjomba ni mfupi kama mimi, alikuwa anashika mashine kifundo kikiwa kimekunjwa.

Niliipima tena yote kabla hajaondoka. Imeongezeka kama gramu 140. Sikumwambia. Wiki iliyopita kanipigia:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Hiki kitu umekipunguza kilo ngapi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba nimeongeza. Akacheka, hakuamini, akasema nina masihara ya wasomi. Bega bado linauma usiku, hilo kalisema, lakini shati anavaa mwenyewe. Tajiri ameuona mpini, akaugeuzageuza, akauliza ni shilingi ngapi. Ana mashine nyingine tatu.

Kwa hiyo natafuta mtu mwenye mzigo unaotoka China mwezi huu. Mita tatu tu, kipenyo milimita 22. Anayejua aniambie.