Kalibu na Waya

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali hii nimeikariri tangu utotoni, na aghalabu nimeitumia kuwaliwaza wenzangu waliofikwa na hasara. Sasa imenirudia mwenyewe kwa sura ya swali: ikiwa koleo halikuvunjika kwa kuchakaa, bali mtu alilivunja kwa mkono wake kisha akanyamaza, uhunzi huo utaendelea kwa uso gani?

Aliyeniamshia swali hili ni kaka yangu, ambaye kwa miaka mingi maskani yake ni Muscat. Kaka ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini ana maradhi ya kupenda vigari vya kuchezea vya zamani. Sebuleni kwake pana kabati la kioo, na ndani yake vimepangwa vigari vya madini vya Kiingereza, kila kimoja mbele ya kasha lake. Huandikiana na wenziwe wa Ulaya na Marekani wenye maradhi kama yake, na mazungumzo yao, yaanzie popote, huishia kwenye tamaa moja: laiti kigari fulani kingetengenezwa tena! Huyu analilia lori la Foden la Dinky Supertoys, yule analilia magari ya sarakasi ya Chipperfield yaliyotolewa na Corgi. Kaka hana orodha. Anataka kitu kimoja tu, basi jekundu la ghorofa la Matchbox. Amekwisha kununua matatu, na yote matatu, asema, siyo. Analitaka lile lililopotea nyumbani kwetu Malindi, hapa Unguja, mwaka 1966.

Huenda msomaji hana habari za ulimwengu huo, nami nilikuwa hivyo hivyo mpaka kaka aliponisomesha. Kampuni ya Meccano ya Liverpool, iliyoasisiwa na Frank Hornby, ilianza kuuza vigari kwa jina la Dinky Toys mwaka 1934. Corgi ilizaliwa mwaka 1956 chini ya kampuni ya Mettoy, na vigari vyake vikatengenezwa Swansea, nchi ya Wales. Mwaka 1965 ikatoa gari la James Bond, Aston Martin DB5, lenye kiti kinachomrusha abiria nje kupitia paani. Kisa cha Matchbox ndicho kitamu zaidi. Jack Odell, fundi wa kampuni ya Lesney ya London, alikuwa na binti ambaye shule yake haikuruhusu mtoto kuja na kitu cha kuchezea kisichoenea ndani ya kasha la kibiriti. Baba akamtengenezea gari dogo la kushindilia barabara, likaenea. Kutokana na mapenzi hayo ya baba kwa mwanawe ukaanza, mwaka 1953, mfululizo uliobeba jina la kasha lenyewe. Gari la kushindilia likawa namba 1, na basi jekundu la London likawa namba 5.

Viwanda hivyo vilianguka kwa kufuatana, kama watu wa nyumba moja. Kile cha Dinky pale Binns Road, Liverpool, kilifungwa mwaka 1979. Lesney ikafilisika mwaka 1982, na Mettoy mwaka 1983. Majina yaliuzwa na kuuzwa tena. Jina la Matchbox lilifika mikononi mwa Mattel ya Marekani mwaka 1997, na vigari vya jina hilo vingali vikiuzwa madukani. Lakini wapenzi wa kale hawaliliii jina. Wanalilia kalibu.

Kwani kigari cha aina hii huzaliwa ndani ya kalibu. Zinki iliyochanganywa na alumini kidogo huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu katika kalibu ya chuma kigumu, na kufumba na kufumbua kiwiliwili kimetoka, kina milango, taa na hata mistari ya boneti. Kalibu moja huzaa maelfu kwa maelfu, nayo husafiri. Kalibu kadhaa za Dinky ziliivuka hata Bahari yetu ya Hindi, zikatumika Calcutta kutolea vigari vilivyoitwa Nicky Toys. Na baadhi ya za Matchbox zilifika Bulgaria. Ndiyo maana wakusanyaji hawakati tamaa. Huamini kwamba maadamu umbo liliwahi kuchongwa katika chuma, lipo mahali linasubiri. Katika miaka ya 2000 na 2010 watu wa Ulaya waliuziwa kwa posta nakala za Dinky za kale zilizotengenezwa China, kila moja ndani ya kasha la kuigiza lile la zamani. Kaka aliziagiza mbili. Alikiri kuwa umbo ni lile lile na rangi ni nzuri kuliko ya mwanzo, kisha akampa mjukuu wake azichezee.

Kuna jambo jingine alilonieleza, nalo halijanitoka. Vigari vingi vya Dinky vya kabla ya Vita Vikuu vya Pili vina ndwele isiyo na tiba. Risasi kidogo ikichanganyika na zinki siku ya kusubu, haionekani. Kigari hutoka kizuri, kikapakwa rangi, kikauzwa, kikapendwa. Miaka ikipita, madini huanza kuvimba kwa ndani, nyufa zikatambaa chini ya rangi, na hatimaye kitu kilichokaa kabatini bila ya kuguswa na mtu hubomoka chenyewe kama biskuti. Kaka alinihadithia haya kwa simu, nami nikajikuta nikiinamisha uso, kana kwamba ananiona.

Basi lile aliletewa na ami yetu, aliyekuwa baharia katika meli za mizigo, kuwa ni zawadi ya kukhitimu msahafu. Kaka alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi tisa. Aliliweka ndani ya kasha lake, akalitoa jioni tu, na kulishika ilikuwa kwa idhini. Asubuhi moja, kaka akiwa chuoni, nilililichukua bila ya idhini, nikaliendesha juu ya ukingo wa kisima cha uani. Nilisikia mlio mmoja tu, mdogo.

Asubuhi hiyo hiyo alikuwa amepita kwetu mwenzangu mmoja, mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Nilipoulizwa basi liko wapi, sikutamka uongo. Nilisema tu kwamba fulani alikuwapo. Neno hilo lilitosha. Baba yake, kwa kusafisha jina la nyumba yake, alimcharaza mkanda pale kichochoroni mbele ya mlango wetu, majirani wakitazama, na mtoto yule hakukanyaga tena uani kwetu.

Sasa nalazimika kueleza mtoto yule alikuwa nani. Alikuwa fundi. Hakuwahi kumiliki kigari cha dukani, na sidhani alikitamani. Kwa waya, vipande vya debe na soli za kandambili kuukuu alikuwa akiunda magari yaliyokuwa yakipita mbele ya macho yetu. Mwezi mmoja kabla ya siku ile alinipa gari la shamba, yale malori ya Bedford yenye bodi ya mbao yaliyokuwa yakileta watu na mizigo mjini kutoka Makunduchi na Chwaka. Fremu yake ilikuwa ya waya mnene. Mbavu za bodi zilifungwa kwa waya mwembamba wa simu, mwekundu na buluu. Viti viwili vya ubao vilitazamana ndani. Na juu ya paa palikuwa na mikungu mitatu ya ndizi iliyosokotwa kwa makumbi. Fimbo ndefu ya usukani ilipanda mpaka kiunoni mwangu, na ukiikata kulia magurudumu ya mbele yalikata kulia. Hakuna kiwanda cha Liverpool wala cha London kilichowahi kutengeneza gari la shamba la Unguja. Lilitengenezwa mara moja, na mtoto wa miaka tisa.

Baada ya mkasa wa basi sikuweza kulitazama. Nilipanda nalo darini, nikaliacha huko, na mvua za masika na hewa ya chumvi zikafanya kazi yao.

Sisi tunaopenda mashairi tunaijua hasara ya namna hii. Utenzi ulionakiliwa una kalibu yake: hati ikichakaa, nakala nyingine itatafutwa Lamu au Pemba, wataalamu watalinganisha beti, na tungo itasimama tena kwa mizani na vina vyake. Lakini ziko tungo zilizotungwa papo kwa papo, malenga akimjibu malenga mbele ya hadhara, ambazo hazina pa kurejea ila vifuani mwa waliokuwapo. Hakuna mkusanyaji atakayeandika kudai itolewe upya, kwa kuwa aliyeisikia hajui aiombe kwa nani. Gari la waya ni tungo ya aina hiyo. Kalibu yake ni mikono ya mtu, nayo hufa na mwenyewe.

Mwenyewe hajafa. Mji wetu ni mdogo, wala sina udhuru kwa miaka yote niliyokuwa nikimwona kwa mbali na kubadili njia. Baada ya simu ya kaka nilimfuata pwani ya Funguni, ambako ni fundi wa mashua. Nilimkuta akikalafati. Tuliamkiana, tukaulizana hali na wajukuu, kisha nikamwambia: basi lile lilitumbukia kisimani, na mimi ndiye niliyelitumbukiza.

Aliendelea kuishindilia pamba katika ufa wa mbao mpaka ikaingia yote.

"Najua," akasema. "Nilikuwa juu ya ukuta. Nilikuona."

Nilimwuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema, nani angenisadiki? Na baba alikwisha vua mkanda." Alichota pamba nyingine. "Haya, na lori langu liko wapi?"

Nilikuwa nimejitayarisha kwa ghadhabu, au kwa lile neno tuliambialo wakosaji wetu ili waondoke, kwamba yaliyopita si ndwele. Swali hilo sikulitarajia. Nilimweleza kuwa lililiwa na kutu darini. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika, kwa mara ya kwanza.

"Ah, bwana! Kwa mkanda sikukulaumu sana, ulikuwa mtoto. Lakini lile lori? Siku nne nililifanyia kazi."

Tulinyamaza kitambo. Kisha akasema, kama anayesema na mashua, kwamba waya wa simu wa aina ile siku hizi haupatikani, nitafute wa shaba. Na kwamba macho yake hayaoni vya karibu, hivyo mikono itabidi iwe yangu. "Wewe utashika koleo," akasema, "mimi nitakwambia ukunje wapi."

Kisima cha uani kilifukiwa zamani na juu yake pamewekwa saruji, na basi la kaka liko chini yake. Nililiogopa neno hilo karibu miaka sitini. Kaka ni msomaji wa kurasa hizi, naye atalijua hapa, pamoja na jina la mkosaji. Akitaka kunigombeza, anayo haki. Akitaka kununua basi la nne, pia anayo haki, lakini asitafute lile.

Waya nimekwisha kuununua Darajani, wa shaba, mizingo miwili. Ijumaa baada ya sala nitakwenda Funguni.