Mvua ya Kwanza kwa Sauti za Watoto

Nilipoanza kufundisha korali ya watoto hapa Kamina, kusini mwa Kongo, wazee walikuwa bado wanawataja Troubadours, waimbaji wa zamani wa mji huu, kana kwamba wameondoka jana na treni ya Lubumbashi. Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alianza kuongoza shule hapa mwaka 1953, na haikupita miezi mingi akawa na wavulana wapatao 45 wa miaka 9 hadi 14, pamoja na walimu 15: hao ndio Troubadours. Misa yao ya Kilatini, Missa Luba, iliimbwa mara ya kwanza kwenye misioni ya hapa tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huohuo wakaipeleka Ulaya na kuiimba kwenye Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Wengi mjini wanakumbuka safari. Mimi kilichonivuta ni namna ilivyotungwa: anaanzisha mmoja, wengine wanaitikia, kinachopendeza kinabaki. Noti zilikuja kuandikwa baadaye.

Kizazi changu kilirithi njia nyingine, ile ya kitabu cha nyimbo: tuni moja, beti nne, do-re-mi ubaoni. Kwa Kifaransa mambo yalikwenda. Kwa Kiswahili pia, mradi pigo zito liangukie silabi ya pili kutoka mwisho. Ndivyo nilivyotunga kwa miaka, kinanda kwanza, watoto baadaye.

Kisha mwalimu mwenzangu akaniletea shairi lake la Kiluba juu ya mvua ya kwanza ya Oktoba: harufu ya vumbi lililolowa, kumbikumbi wakichomoka ardhini, watoto na mabeseni wakikimbilia penye taa. Sasa, maneno ya Kiluba yana sauti ya juu na ya chini ndani yake. Ukipandisha tuni pale kinywa kinaposhuka, msikilizaji anasikia neno jingine, au hasikii neno kabisa. Ubeti wa kwanza ulikaa vizuri. Wa pili, kwa tuni ileile, wasoprano walicheka hadi mazoezi yakasimama.

Ndipo nilipoitazama upya ile misa. Kilatini hakikuwadai wale wavulana kitu. Silabi zake waliweza kuzipandisha juu ya wimbo wa kilio au wa ngoma ya Kasai, maana isitikisike. Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba kuimba kwa lugha ya nyumbani ndiyo kazi rahisi. Shairi la Kiluba linakuja na nusu ya tuni tayari, nalo halikuulizi kama unaipenda.

Siku hizi tunaanzia kwenye simu. Mtoto mmoja analisoma shairi kama anayezungumza na mwenzake, tunarekodi, tunalisikiliza, kisha wote wanavumisha midomo ikiwa imefungwa, wakifuata kupanda na kushuka tu. Wakubwa kidogo wanapendekeza, wadogo wanakataa (wadogo ndio wakali zaidi). Kila ubeti unapata tuni yake, na kiitikio ndicho kinachozishika pamoja. Kinanda kinaingia mwisho, umeme ukiwepo.

Katika shairi la mvua, ngurumo ilitusumbua. Korali haina besi, na waalto wangu wakishuka chini ya noti ya la, hubaki pumzi tupu. Tulijaribu kupiga miguu, lakini saruji haitoi kitu. Tukaiachia ngoma, sauti zote zikanyamaza kwa mapigo manne, na waalto wakarudi peke yao na mvua, kidogokidogo, kabla wasoprano hawajawafunika.

Mtunzi wa shairi alikuja kusikiliza, akakunja uso. “Mwalimu, mistari yangu miwili umeila, na huu mmoja umeurudia mara sita!”

“Si mimi, ndugu. Waulize hao.”

Aliwauliza kweli, nao wakamjibu kwa kumwimbia ile mistari miwili jinsi ilivyokuwa ikiwakwama. Shairi lake jipya, la mafunjo ya bonde la Upemba, ameshanikabidhi. Safari hii kiitikio amekitenga mwenyewe kwa wino mwekundu. Bado ni kirefu mno.